Tarakimu ya Kwanza na ya Mwisho: Nilivyochagua Chipu ya Kudhibiti Pawa Saplai ya Shule

Juu ya meza yangu ya kazi ziko chipu mbili nyeusi za miguu minane, za umbo moja na bei inayokaribiana. Moja imeandikwa UC3842, nyingine UC3844. Miguu yake imepangwa kwa utaratibu uleule, na muuzaji wa Kariakoo akiishiwa na moja hukupa nyingine kwa nia njema kabisa, akikuhakikishia kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Miaka kadhaa iliyopita niliamini kwamba ni kitu kimoja, na imani hiyo ilinigharimu mosfeti mbili (swichi za kielektroniki), fyuzi na siku tatu za kazi ya mteja aliyekuwa akinisubiri.

Kifaa chenyewe kilikuwa pawa saplai ya volti 48 ya mtambo wa mawasiliano, ya muundo wa fowadi (unaopitisha nguvu kwenda upande wa pili wa transfoma swichi ikiwa imewaka) wenye swichi moja. Katika muundo huo kiini cha transfoma hujazwa sumaku swichi inapowaka na lazima kiondolewe sumaku hiyo swichi inapozima, la sivyo kila mzunguko huongeza mabaki juu ya mabaki ya mzunguko uliotangulia. Koili ya kuondoa sumaku ikiwa na mizunguko sawa na koili kuu, muda wa kuondoa unalingana na muda wa kujaza, na kwa hiyo swichi haipaswi kuwaka zaidi ya nusu ya kila mzunguko. UC3844 inalinda sharti hilo yenyewe, kwa kuwa ndani yake kuna saketi inayoruka kila pigo la pili la oseleta, yaani saa ya ndani ya chipu. UC3842 hailindi, inaweza kuiacha swichi ikiwaka karibu mzunguko mzima. Nilipoiweka mahali pa 3844 iliyokufa, mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Kwanza, masafa ya kuwasha na kuzima yaliongezeka maradufu, kwa sababu rizista na kapasita za oseleta zilikuwa zilezile lakini hapakuwa tena na mgawanyo wa mbili. Pili, umeme wa nje uliposhuka kidogo, chipu ilirefusha muda wa kuwaka ili kuitunza volteji ya kutokea, ikavuka nusu, na kiini kikajaa sumaku. Kikomo cha mkondo kiliitikia, lakini kichujio kilicho mbele yake kilikichelewesha, na kiini kilichojaa hakisubiri.

Mzee niliyejifunza kazi kwake aliichukua ile chipu, akaisogeza karibu na taa, akasema, "Mwanangu, hii namba umeisoma yote?" Nilikuwa nimesoma herufi mbili na tarakimu tatu za mwanzo.

Tangu hapo nimekuwa nikiisoma yote, na ninataka kueleza kwa kirefu jinsi namba hiyo ilivyoongoza kazi moja niliyoifanya hivi karibuni, kwa sababu naona mafundi na wanafunzi wengi wanaanza kuchagua chipu kutoka upande usio sahihi. Wanauliza chipu ina nguvu kiasi gani, au ina ulinzi wa aina ngapi. Mimi nauliza inaamkaje, yaani inaanzaje kazi, inalala au kuacha kazi kwa volteji gani, na inafanya nini katikati ya hali hizo mbili.

Kwanza historia kidogo, kwa kuwa inafafanua namba zenyewe. Chipu ya kwanza iliyokusanya udhibiti wote wa upana wa mapigo (kurefusha na kufupisha muda wa swichi kuwaka) ndani ya kipande kimoja ilikuwa SG1524 ya kampuni ya Marekani iitwayo Silicon General, iliyotoka mwaka 1976 na kubuniwa na Bob Mammano. Kabla ya hapo mbunifu alilazimika kuunda oseleta, kikuza kosa (kinachopima volteji imekosea kiasi gani) na kilinganishi kwa vipande vilivyotawanyika kwenye bodi. Familia ya 3842 ilitolewa baadaye na Unitrode, kampuni ambayo Texas Instruments iliinunua mwaka 1999, na leo inatengenezwa pia na STMicroelectronics na onsemi. Jambo hili la watengenezaji wengi kwangu lina uzito mkubwa. Chipu nzuri inayotengenezwa na kiwanda kimoja tu, na inayopatikana kwa kuagiza kutoka nje tu, inamwacha fundi wa Songea au Kigoma bila msaada siku itakapokufa.

Katika familia hii tarakimu ya kwanza hutaja joto. Inayoanza na 1 inavumilia kuanzia nyuzi −55 hadi 125 za Selsiasi, inayoanza na 2 kuanzia −40 hadi 85, na inayoanza na 3 kuanzia 0 hadi 70 tu. Tarakimu ya mwisho hutaja tabia. Zenye 2 na 4 huamka zinapopata volti 16 na hulala zikishuka hadi volti 10. Zenye 3 na 5 huamka kwa volti 8.4 na hulala kwa 7.6. Zenye 2 na 3 huruhusu swichi kuwaka karibu mzunguko mzima, ilhali zenye 4 na 5 huishia chini kidogo ya nusu. Tofauti ya familia nzima imo humo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya shule moja ya sekondari mkoani Tanga, iliyo mwishoni kabisa mwa laini ya umeme. Walihitaji pawa saplai ya kuendesha redio ya intaneti na taa chache, na wakati huohuo kuitunza betri ya asidi ya volti 12 ikiwa imejaa: volti 13.8, ampea 4, yaani kama wati 55. Nilipeleka kipimo na kukaa nacho siku mbili. Mchana umeme ulikuwa volti 225 hivi, na jioni, watu wanapowasha majiko na pasi, ulishuka hadi 140 na mara chache chini ya hapo. Ndani ya boksi la chuma lililofungwa chini ya bati, saa nane mchana, kipimajoto kilisoma nyuzi 64. Kipimo hicho cha joto kiliamua tarakimu ya kwanza papo hapo. Chipu inayoishia nyuzi 70, ikiwa imezungukwa na hewa ya nyuzi 64 na huku yenyewe inatoa joto lake, haina nafasi ya kupumua. Nilitaka inayoanza na 2.

Kwa wati 55 muundo wa flaibaki (transfoma huhifadhi nguvu swichi inapowaka na kuitoa inapozima) unatosha, na ndio wenye vipande vichache zaidi. Kama ingekuwa wati 10 nisingetumia familia hii kabisa; ningechukua chipu yenye swichi ndani yake, kama VIPer au TOPSwitch, na kumaliza kazi mapema. Kama ingekuwa wati 300 ningeingia kwenye nusu daraja lenye mwangwi, muundo wa swichi mbili, na chipu kama L6599. Katikati, familia hii ya 384x bado inastahili heshima yake.

Volti 140 za umeme wa nyumbani, zikishanyooshwa na dayodi, hufikia kilele cha volti 198. Kwa kapasita kuu ya mikrofaradi 100 na mzigo kamili, nikichukulia kwamba theluthi mbili za kila nusu mzunguko hakuna dayodi inayopitisha, hesabu inaishusha hadi karibu volti 170 kati ya kilele na kilele. Upande wa juu, volti 265 hutoa 375. Nilichagua volteji inayoakisiwa kutoka upande wa pili (volteji ya kutokea inavyoonekana upande wa kwanza wa transfoma) iwe 110, hivyo sehemu ya mzunguko ambayo swichi inawaka katika hali mbaya zaidi ni 110 kugawa kwa jumla ya 170 na 110, yaani asilimia 39. Iko chini ya nusu kwa nafasi ya kutosha, kwa hiyo tarakimu ya mwisho yenye kikomo cha nusu ilifaa, na ilinipa faida ya pili: udhibiti wa kilele cha mkondo una tabia ya kuyumba kwa nusu ya masafa pindi sehemu ya kuwaka inapovuka nusu, na transfoma huanza kulia sauti ya kukwaruza isiyoeleweka inatoka wapi. Dawa yake ni kuongeza mteremko bandia kwenye mguu wa 3, unaopima mkondo wa swichi. Kwa kubaki chini ya nusu sikuhitaji dawa hiyo.

Nguvu ya kuingia, nikikadiria ufanisi wa asilimia 80, ni wati 69, ambayo kwa volti 170 ni wastani wa ampea 0.41. Mkondo ukipanda kutoka sifuri kila mzunguko, kilele chake ni mara mbili ya wastani huo kugawa kwa 0.39, yaani ampea 2.1. Chipu hukata pigo volteji ya mguu wa 3 inapofika volti 1, hivyo rizista ya omu 0.39 inaweka kikomo kwenye ampea 2.56, juu kidogo ya mahitaji. Rizista hiyo isiwe ya waya uliozungushwa, kwa kuwa waya huo ni koili, na koili hiyo ndogo huzalisha mwiba wa volteji kila swichi inapowaka. Mbele ya mguu wa 3 niliweka kichujio cha kiloomu 1 na pikofaradi 330, na kapasita yake nikailehemu kati ya mguu wa 3 na wa 5 (ardhi ya chipu) kabisa, bila kuizungusha kwenye bodi.

Masafa niliyotaka ni kilohezi 66. Kwa kuwa chipu yenye 4 mwishoni hugawa kwa mbili, oseleta inapaswa kwenda kilohezi 132. Kanuni ni 1.72 kugawa kwa zao la rizista na kapasita: kiloomu 13 na nanofaradi 1 zinatoa 132. Ukisahau mgawanyo huo, unapata nusu ya masafa uliyoyatarajia, na transfoma uliyoizungusha kwa mkono kwa saa mbili haifikishi nguvu uliyoikusudia.

Sasa nafika kwenye kuamka, sehemu ninayoiona kuwa moyo wa jambo lote. Chipu inaposubiri volti 16 inakunywa mkondo mdogo sana, chini ya miliampea 1, na ile yenye herufi A mwishoni haizidi miliampea 0.5. Mkondo huo unatoka moja kwa moja kwenye kapasita kuu kupitia rizista kubwa. Ikishaamka inakunywa miliampea 11 kwa kawaida na hadi 17 katika hali mbaya, ukiongeza miliampea mbili au tatu za kuujaza mlango wa mosfeti, tuseme 20. Rizista ya kuamshia haiwezi kutoa kiasi hicho. Kwa hiyo kuanzia dakika ya kuamka, chipu inaishi kwa akiba ya kapasita yake ya mguu wa 7, unaoilisha umeme, peke yake, mpaka koili saidizi ya transfoma ianze kuilisha. Ni kama mtoto anayeachishwa ziwa kabla uji haujaiva. Akiba isipotosha, chipu inalala, inajazwa tena, inaamka, inalala. Mafundi wanaiita saplai inayopiga tiki-tiki, na mara nyingi hubadilisha chipu nzima kumbe tatizo ni kapasita iliyokauka.

Nilikadiria kwamba volteji ya kutokea ingehitaji milisekunde 20 kupanda. Miliampea 20 kwa milisekunde 20, zikigawanywa kwa pengo la volti 6 kati ya 16 na 10, zinataka mikrofaradi 67. Lakini datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) inasema kwamba kwa zinazoanza na 2 kuamka kunaweza kutokea mapema kwenye volti 15 na kulala kunaweza kutokea mapema kwenye 11. Anayebuni kwa ajili ya vifaa vingi ahesabu kwa pengo hilo la volti 4, na hapo mahitaji yanakuwa mikrofaradi 100. Niliweka 220, kwa sababu kapasita za aina hii hupungua ujazo kadiri zinavyozeeka kwenye joto. Sasa linganisha na chipu yenye 5 mwishoni: pengo lake ni volti 0.8 tu kwa kawaida, na hesabu ileile inataka mikrofaradi 500 hata kabla ya kufikiria tofauti za kiwandani. Chipu hiyo si mbaya. Imekusudiwa saketi zinazolishwa na betri ya volti 12, ambako volti 16 hazipatikani kamwe na 3844 isingeamka hata siku moja. Kwenye umeme wa nyumbani, hata hivyo, pengo pana ni mali.

Hapa ndipo betri iliponifundisha jambo ambalo sikulipanga. Koili saidizi hufuata volteji ya kutokea kwa uwiano wa mizunguko. Katika toleo la kwanza niliizungusha sawasawa na koili ya pili, ili chipu ipate takriban volti 14, na mezani kila kitu kilikwenda vizuri. Shuleni, baada ya umeme kukatika usiku kucha, betri ilikuwa imeshuka hadi volti 10.5. Umeme uliporudi, betri iliishikilia volteji ya kutokea pale chini, koili saidizi ikafuata, chipu ikabaki ukingoni mwa volti 10, na saplai ikapiga tiki-tiki asubuhi nzima bila kuichaji betri iliyokuwa ikiihitaji kuliko wakati wowote. Mwalimu mkuu alinipigia simu akaniambia kwa upole, "Fundi, mashine yako inahesabu sekunde." Nilisafiri siku iliyofuata. Nilizungusha transfoma upya ili koili saidizi itoe volti 18 kwenye 13.8, na hivyo ibakishe karibu 13.7 hata betri ikiwa kwenye 10.5. Mlango wa mosfeti nikaulinda kwa zena, dayodi ya kuzuia volteji isipande mno.

Uamuzi huo wa volti 18 ndio ulionifanya niikatae chipu ambayo mwanzoni niliipendelea zaidi. UCC28C44 ya Texas Instruments ina miguu ileile, inakunywa miliampea 2.3 tu badala ya 11, na kwa karibu kila kigezo ni bora. Lakini inaamka kwa volti 14.5, inalala kwa 9, na haipaswi kamwe kuvuka volti 20, wakati UC2844 inavumilia hadi 30. Koili saidizi huruka juu ya thamani yake mzigo unapokuwa mkubwa, kwa sababu ya miiba ya sumaku inayovuja, na 18 zangu zingeweza kuipita 20 kwa urahisi. Niliandika UC2844A kwenye mchoro, na nina hakika nilichagua sawa kwa betri ile.

Umeme uliposhuka chini ya 140 kulikuwa na tatizo lingine. Pawa saplai ya aina hii huvuta nguvu ileile, hivyo volteji ya kuingia ikishuka mkondo hupanda, dayodi na mosfeti hupata joto, na kikomo kikifikiwa volteji ya kutokea huanza kulegea. Familia ya 384x haina mguu wa kuangalia umeme wa kuingia. Nilitumia vigawanyaji vya rizista na transista moja inayovuta mguu wa 1 chini, na hivyo kusimamisha mapigo, pindi kapasita kuu inapopungua hadi volti 150, na kuuachia inapopanda tena kufikia 180. Betri inabeba mzigo hadi umeme utengemae.

Mrejesho wa volteji ni wa kawaida: TL431 (chipu inayolinganisha volteji na kiwango maalumu) upande wa pili, kigawanyaji cha kiloomu 45.3 juu na 10 chini ili volti 13.8 ziwe 2.495 kwenye mguu wake wa kupimia, na optokapla ya PC817 (kiungo kinachopitisha ishara kwa mwanga) inayouvuta mguu wa 1 upande wa kwanza, mguu wa 2 ukiwa umefungwa ardhini. Mkondo wa kuchaji unazuiwa kwa ampea 4 na LM358, chipu ya kukuza ishara, inayopitia optokapla hiyohiyo. Kati ya pande mbili niliacha milimita 8 za bodi tupu, na sikuruhusu hata alama ya maandishi ya shaba ipite hapo.

Jambo la mwisho ni la dukani. Chipu zilizofutwa namba na kuandikwa upya zipo, na macho hayazitambui. Mimi huzipima kila moja kabla ya kuilehemu, kazi ya dakika tano. Unaunganisha rizista ya kiloomu 13 kutoka mguu wa 8 hadi wa 4, kapasita ya nanofaradi 1 kutoka wa 4 hadi wa 5, miguu ya 2 na 3 unaifunga kwenye wa 5, kisha unaupa mguu wa 7 volteji kutoka saplai ya mezani ukiipandisha taratibu kutoka sifuri. Mguu wa 8, unaotoa volti 5 za rejeo, unapaswa kubaki karibu na sifuri, kisha kuruka hadi volti 5 ghafla. Ukiruka karibu na 16, ni ya 2 au ya 4. Ukiruka karibu na 8.4, ni ya 3 au ya 5. Kisha weka osiloskopu kwenye mguu wa 6, unaotoa mapigo: mapigo yanayokaribia kujaza mzunguko wote ni ya 2 au ya 3, na yanayoishia chini ya nusu, kwa nusu ya masafa ya mguu wa 4, ni ya 4 au ya 5. Mkondo wa kabla ya kuamka ukizidi miliampea 1, iweke kando. Katika kumi nilizonunua mara ya mwisho zikiwa zimeandikwa 2844, mbili ziliamka kwa volti 8.4.

Pawa saplai ya shule sasa imepita msimu mmoja wa joto ikiwa kazini. Kitu kimoja bado nataka kukibadilisha. Rizista za kuamshia, mbili za kiloomu 47 kwa mfululizo, zinaendelea kuunguza umeme baada ya chipu kushaamka, na kwa volti 375 hesabu inafika karibu wati 1.4 za joto lisilo na kazi ndani ya boksi ambalo tayari lina nyuzi 64. Toleo linalofuata litakuwa na transista ya volteji kubwa itakayozikata pindi volti 5 za mguu wa 8 zinapotokea. Bodi yake imeshachorwa, na transfoma ya kwanza iko nusu kuzungushwa.